Hela ya matiti, miaka kumi na moja baadae

Jumapili mtoto wa dada yangu kanitumia meseji, "Mamdogo naomba unidhamini kwenye kikoba, nataka milioni nane." Namuuliza za nini, ananirushia picha ya bei kutoka kwa dalali wa safari za matibabu: matiti ya silikoni, hoteli siku saba, kupokelewa eapoti, vyote humo. Sikumjibu siku hiyo. Nilienda kutoa daftari langu la hesabu kabatini nikakaa nalo kitandani mpaka usiku, maana hiyo bei naijua, na mimi nlionyeshwa ya kwangu mwaka 2013 nikaamini ndo imeisha hapo.

Yangu niliweka India. Dola 3,200, dola wakati huo ilikuwa kama shilingi 1,600, kwahiyo milioni tano na kidogo, ukiweka tiketi na viza na hela ya kula ikafika nane. Nusu akiba yangu, nusu mkopo wa kikoba wa riba asilimia 10, nikarejesha mwaka mzima. Nilipomaliza marejesho nikapiga mstari kwenye daftari, nikaona deni limekwisha.

Kitu ambacho hakuna aliyenikalisha chini akaniambia ni kwamba silikoni ina umri. Haiwekwi ya maisha. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, tangu 2021 imelazimisha onyo hilo liandikwe kwenye maelezo yanayokuja na silikoni, ndani ya fremu ya onyo kali, kwamba hivi vitu havihesabiwi kuwa vya maisha na kadri vinavyokaa mwilini ndo uwezekano wa kurudi kwenye operesheni unavyopanda. Na silikoni inaweza kupasuka kimyakimya, huumwi, huvimbi, unaendelea na biashara zako, ndo maana wanashauri upigwe picha za ndani ya mwili, MRI au ultrasound, mwaka wa tano au wa sita, halafu kila baada ya miaka miwili mitatu. Sasa hiyo MRI nani analipa? Mimi nilienda 2019 na kadi yangu ya bima, dada wa mapokezi akasoma fomu akanirudishia taratibu, "hii ni ya urembo, hawalipii." Laki nne na nusu keshi.

Ila gharama iliyoniuma kuliko zote ni ya maziwa ya kopo. Mwanangu kazaliwa 2016, ananyonya analia, ananyonya analia, uzito haupandi, kila anayeingia ndani ananiambia kunywa uji wa pilipili manga, kula supu ya pweza, mama mkwe wangu masikini alikuwa ananichemshia mtori kila siku asubuhi, na mimi nakunywa na najua moyoni nini kinaendelea ila siwezi kumwambia. Daktari aliyekuja kuniangalia aliona mshono wangu umezunguka chuchu, akanieleza kwamba mkato wa pale unaweza kukata njia za maziwa na mishipa ya fahamu. Wengine wananyonyesha vizuri tu na silikoni zao, mimi haikuwa hivyo. Kopo moja halikai siku nne, kwa mwezi laki mbili na ushee, miezi kumi. Piga hesabu mwenyewe. Kwenye ile bei ya India hakukuwa na mstari wa maziwa ya mtoto.

2023 MRI ya pili ikaonyesha la kushoto limepasuka, na la kulia mwili umelijengea kovu likakaza, likawa gumu kama limau bichi. Kutoa na kuweka mapya hospitali wakanipigia hesabu ya dola 4,100. Dola mpaka nalipa ilikuwa imefika kama 2,600, kwahiyo milioni kumi na laki sita na ushee, yaani hapo milioni nne nzima imekula shilingi kushuka tu. Ukisema utoe usiweke kitu, ngozi imeshatanuka miaka yote hiyo, watakwambia inuliwe, na kuinua nayo ni operesheni ina bei yake. Mimi niliweka mapya. Wiki sita siruhusiwi kunyanyua hata mtumba mmoja wa vitenge, nikamlipa binti akae dukani, wateja wa jumla wawili wakahamia kwa jirani na hawajarudi mpaka leo.

Na usitegemee sana ile kadi ya garantii unayopewa na silikoni. Ufaransa kulikuwa na kampuni ya PIP, ikagundulika 2010 inatumia silikoni ya kiwandani isiyo ya hospitali, ikafungwa, mwenyewe akahukumiwa kifungo miaka minne 2013. Wanawake wa nchi kibao walikuwa nayo mwilini. Serikali ya Ufaransa iligharamia kuzitoa, lakini kuwekewa mpya ililipia wale waliotengenezwa matiti baada ya saratani, waliofanya urembo wakajilipia wenyewe. Na hapo ni Ufaransa jamani, sisi huku utamfuata nani?

Sijutii kutaka kupendeza, nataka hilo lieleweke, na huyu mtoto simzuii, ana miaka 27 na kazi yake. Nilichomfanyia ni kumpigia picha kurasa zote za daftari nikamtumia, hata ile ya maziwa ambayo mama yake hajui. Jumla ni milioni 25 na kitu mpaka sasa, na MRI ya haya mapya bado haijafika. Nikamwambia kabla sijasaini udhamini amuulize yule dalali vitu vitatu: silikoni ni ya kampuni gani na namba zake utapewa, mkato utapita wapi, na ikipasuka ukiwa Dar nani analipa tiketi na operesheni ya pili.

Jana jioni kanipigia. Mawili yamejibiwa siku ileile. La tatu anasema amemuuliza mara mbili, kila akiuliza dalali anamtumia picha za hoteli.