Kuchora ngoma bila kuchora gitaa

Mtu akiambiwa achore picha ya muziki mkono unakimbilia vitu vilevile: gitaa, maiki, hedfoni, noti zinaelea hewani, dada kafumba macho nywele zinapeperuka. Sina ugomvi na picha hizo, zingine ni kali kweli, ila zile ni picha za vifaa na watu, muziki wenyewe humo haupo. Mimi sikuhizi natafuta picha ambayo mtu akiiangalia kichwa kinaanza kutikisika chenyewe, na kwa hilo inabidi uchore kile ngoma inachofanya, achana na kile inachosema.

Chukua hii ninayoimalizia sasa hivi. Ngoma yenyewe ni ala tupu haina maneno, na niliichagua kwa sababu hiyo, maana maneno yakiwepo akili inakimbilia kuchora hadithi na biti inasahaulika. Inaanza besi peke yake, inatembea taratibu, noti nne inarudi, noti nne inarudi, halafu gitaa linaanza kuchokonoa kwa juu, linachelewa kidogo kila likiingia, na katikati kila kitu kinakata ghafla, kimyaa, ndo tarumbeta zinaingia zote kwa pamoja. Hiyo ndo ramani yangu yote. Kabla sijawasha hata tableti nakaa na karatasi na penseli, naiweka ngoma, naangalia pembeni, mkono uende wenyewe: ikipanda napanda, ikijaa nakandamiza, ikikata nanyanyua penseli. Yanayotoka ni makorokocho tu lakini nayapiga picha naingiza kwenye Krita, programu ya kuchorea, kama leya ya chini kabisa (leya ni kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine), nafifisha mpaka yanaonekana kwa mbali, juu yake ndo kazi inajengwa.

Kila chombo nakipa leya yake. Raha ya dijitali ndo hii, ni kama vile rekodi za studio ambapo besi ina njia yake na dramu zina yake, unaweza kuzima kimoja ukasikia kingine. Besi nimeipa brashi pana laini, bluu iliyoiva inakaribia nyeusi, imelala chini picha nzima. Gitaa ni brashi ndogo ngumu, njano chafu, nukta na vijistari.

Dramu ndo zilinikalisha. Kuna kitu watu wengi hawakijui, brashi ya dijitali kiukweli haichori mstari, inagonga muhuri uleule tena na tena karibu karibu hadi macho yanaona mstari. Sasa ukiingia kwenye mipangilio ya brashi ukaongeza nafasi kati ya muhuri na muhuri, ule mstari unaachana, unapata mapigo. Yaani biti iko ndani ya brashi siku zote imejificha tu! Ila hapo hapo kuna mtego, mapigo yakikaa sawasawa yote picha inakufa, inakuwa ukuta wa vigae, kwa hiyo natumia brashi hiyo kujua wapi pigo linakaa, halafu naweka la kwangu juu yake kwa mkono, lingine linawahi, lingine linachelewa, lingine zito. Kukopi na kubandika hapana. Mpiga ngoma mzuri hapigi pigo lilelile mara mbili.

Kwenye rangi ndo watu wanapenda kubishana, eti noti hii ni nyekundu ile ni kijani. Ubishi wa zamani huo, Newton mwenyewe, yule mwanasayansi, kwenye kitabu chake cha mwanga, Opticks, mwaka 1704 aligawa duara la rangi mafungu saba akilinganisha na sauti za oktava (oktava ni kutoka noti moja mpaka ile yenye mtetemo mara mbili yake). Inapendeza kwenye karatasi, lakini sikio linasikia kuanzia kama mitetemo 20 kwa sekunde (Hz 20) mpaka 20,000, hizo ni karibu oktava kumi, wakati mwanga wote jicho linaoona ni kama oktava moja tu, sasa utazilinganishaje? Wapo watu wenye sinesthesia ambao sauti inawajia na rangi kabisa, hao wana bahati yao. Sisi wengine tunaweza kushika kitu kimoja ambacho karibu kila mtu anakubali bila kufundishwa, kwamba sauti nyembamba ni ndogo na ina mwanga, sauti nene ni kubwa na ina giza. Ndo maana mimi nafikiria kwanza giza na mwanga, rangi baadaye. Kila baada ya muda naigeuza picha yote iwe nyeusi na nyeupe, kama ngoma bado inasomeka hapo basi rangi yoyote nitakayoweka itakaa.

Anayenifurahisha kwenye haya mambo ni mchoraji Kandinsky. Januari 1911 alienda kusikiliza konseti ya mtunzi wa muziki Schoenberg mjini Munich, akatoka akachora picha ya Impression III. Kwenye rasimu zake piano na watu wanaonekana waziwazi, ila ukija kwenye picha yenyewe piano imebaki doa kubwa jeusi na njano imemeza ukumbi. Kaanza na vifaa kama sisi wote, halafu sauti ikavifunika.

Kingine, Ctrl+Z, ile amri ya kufuta ulichofanya mwisho. Wakati ngoma inacheza siigusi kabisa, mwanamuziki akiwa jukwaani hana pa kurudi, na mistari iliyopigwa hivyo ina ujasiri ambao ile ya kufuta futa haina. Ngoma ikiisha ndo naruhusu kurekebisha, tena kwa kimya, hakuna muziki wowote, kwa sababu sauti ikiwepo masikioni inaisaidia picha na unadhani picha inacheza kumbe ni spika.

Sehemu ya ile kimya ya katikati nimeiacha wazi, ufito mtupu rangi ya karatasi kutoka juu mpaka chini. Jamani inawasha mkono! Kila nikipita pale nataka kuweka japo kakitu kadogo. Nimeifunga leya isiharirike.

Jana nimemwonyesha mtu ambaye ngoma hajawahi kuisikia, sikumwambia chochote, nikamuuliza tu hii inaenda haraka au polepole. Akasema upande wa kushoto polepole, kulia kama watu wanakimbizana. Kushoto kapatia. Kulia tarumbeta zinatakiwa ziwe pana na nzito, sio za kukimbia, na nikiangalia naona shida ni nukta za gitaa zimejazana nyuma yake, kwa hiyo leo nasevu faili jipya na gitaa linapunguzwa karibu nusu.