Beki wa kati, kitambaa na upepo wa Dodoma

Kwenye mechi ya saa kumi jioni hapa Dodoma, hasa kati ya Juni na Septemba, nahodha anaweza kuiharibia timu kabla filimbi haijapulizwa. Tangu sheria zilipobadilishwa mwaka 2019, anayeshinda sarafu anachagua mwenyewe: aanze na mpira, au achague goli la kushambulia. Wengi huchukua mpira kwa mazoea tu. Upepo wa kiangazi huku huvuma mchana kutwa na mara nyingi hulegea jua likikaribia kuzama, kwa hiyo ule unaousubiri kipindi cha pili huenda usiukute. Uchukue mgongoni mapema. Siku upepo ukiwa hafifu na uwanja umelala mashariki kwa magharibi, amua kwa jua: kipindi cha pili kipa wao ndiye atazame magharibi.

Naanza na sarafu kwa sababu tukimsifu kitasa (beki wa kati), hata aliyevaa kitambaa cha unahodha, tunasifu miguu na kichwa, anavyokwatua (anavyompokonya mtu mpira kwa mguu), anavyoruka. Vyote hivyo huja mwisho. Namba 4 na namba 5 wanaodumu ni wale walioamua mpira ukiwa bado mguuni mwa adui.

Ukiacha Uwanja wa Jamhuri, nyumbani kwa Dodoma Jiji, viwanja vingi vya mkoa huu ni udongo uliokauka kama sakafu. Mpira mrefu ukidunda mara moja, unampita beki juu ya kichwa na fowadi anabaki na kipa. Una njia mbili tu. Uufuate hewani uupige kabla haujagusa chini, au urudi hatua nne tano mapema udunde mbele yako huku mwili wako ukiwa kati ya mpira na mshambuliaji. Anayefungwa ni yule aliyesogea nusu, akasita, akaanza kurudi kinyumenyume. Upepo nao una hesabu yake. Wapinzani wakiwa nao mgongoni, mpira wa kipa wao huruka mbali kuliko macho yanavyokuambia, basi simama kama mita 5 nyuma ya ulipozoea. Ukiwapuliza usoni, mpira huning'inia na kuanguka karibu. Hata hapo usiukimbilie mapema, maana kusogea mbele ni rahisi kuliko kugeuka.

Simama nusu ubavu, mguu mmoja nyuma ya mwingine, umuone mtu na mpira kwa pamoja. Ukimkabili winga kifua kwa kifua, miguu imetanuka, umejipalia tobo mwenyewe. Baki umbali wa mita moja na nusu hivi, msukumie mstari wa pembeni au mguu wake dhaifu, na subiri agonge mpira mbali kidogo. Hapo ndipo pa kukwatua. Kukwatua kwa kuteleza kwenye udongo wa Februari kunaweza kupita. Kwenye udongo wa Agosti kunakutoa ngozi ya nyonga, na ukikosa mpira umeshalala chini, mtu kaenda zake.

Kuhusu mstari wa ofsaidi nitakaa kidogo, maana hapa mabao mengi ya bure hutoka. Usiangalie washambuliaji, muangalie mwenye mpira. Kama kainamisha kichwa, kabanwa au katupa mgongo, pandeni. Kama yuko huru, kichwa juu, mguu unarudi nyuma kupiga, shukeni hatua tatu nne kabla hajaugusa. Mstari huvunjwa mara nyingi na beki wa pembeni wa upande ambao mpira haupo: amezubaa, yuko mita mbili nyuma ya wenzake, na huyo mmoja anatosha kuwahalalisha washambuliaji wote. Kwa hiyo nahodha atupie jicho upande ule kabla ya kuita. Na ile tabia ya kunyanyua mkono kudai ofsaidi huku umesimama ife. Mkono ukipanda, miguu inalala.

Maneno yawe mafupi, na jina litangulie. "Juma, nyuma!" inamfikia Juma. "Angalia! Angalia!" inawageuza watu wanne na hakuna anayejua aangalie nini. Panda, shuka, wangu, geuka, nyuma: hayo matano yanatosha kwa msimu mzima, mradi kipa na mabeki wote wana maana ile ile. Kwenye mpira wa juu, asiposema mtu "wangu", kipa na beki watagongana au wataachiana. Lipi baya zaidi sijui.

Kitambaa chenyewe kisheria hakina ukubwa. Sheria inasema nahodha hana hadhi wala upendeleo maalumu, ila anabeba sehemu ya wajibu wa nidhamu ya timu yake. Tangu 2024 upo mwongozo unaoruhusu mashindano kuweka utaratibu wa nahodha peke yake kumfuata mwamuzi, na anayemzonga bila ruhusa alambe kadi ya njano. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza utata ukitokea ni kuwasukuma wenzako warudi nyuma. Wewe uliza mpira ukiwa umesimama, kwa sauti ya kawaida.

Kazi ya pili huonekana bao likiingia, hata likiwa lenu. Kumbukeni fainali ya Kombe la Shirikisho la CAF mwaka 2023. Yanga walikuwa nyuma bao moja dhidi ya USM Alger hapo Dar es Salaam, Fiston Mayele akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, na kabla shangwe haijaisha Waalgeria wakapata la pili. Yanga walishinda 1-0 Algiers, jumla ikawa 2-2, lakini kombe likaondoka kwa sheria ya mabao ya ugenini: wao walifunga mawili ugenini, Yanga moja. Baada ya bao nahodha ahesabu watu: namba 6 (kiungo mkabaji) yuko mbele ya mabeki? Mabeki wa pembeni wamerudi? Akiona pengo, mtu mmoja afunge viatu polepole mpaka wote wakae sawa.

Kadi nyekundu za mabeki nyingi hutokana na mikono. Ndani ya boksi, ukimnyima mtu nafasi ya wazi ya bao huku ukigombea mpira kweli, ni penalti na njano. Ukimvuta jezi, ni penalti na nyekundu. Ukishachelewa, mwache apige.

Vitasa wetu waliofika Yanga hawakuanzia juu. Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal Union ya Tanga, Dickson Job alitoka Mtibwa Sugar, Ibrahim Bacca alitoka KMKM ya Zanzibar. Kijana wa Kondoa au Mpwapwa anayeitwa na timu kubwa akakae benchi ajiulize mara mbili, kwani Ligi Kuu ina mechi 30 kwa timu, na beki hukomaa kwa kucheza. Na ajifunze nafasi zaidi ya moja. Erasto Nyoni, aliyepita Azam na Simba, alicheza pembeni, katikati ya ulinzi na kiungo, na alidumu miaka mingi.

Mwili hautunzwi na kocha pekee. Nyama za nyuma ya paja ndizo humtoa beki uwanjani: piga magoti, mwenzako akushike vifundo, ujishushe mbele polepole ukijizuia mpaka mikono iguse chini. Anza na seti 2 za mara 5, mara moja kwa wiki, kamwe si siku moja kabla ya mechi. Kiatu cha kiangazi kiwe na meno mengi mafupi. Marefu hayazami, yanakubana kisigino na kukutegua kifundo. Maji ndiyo mtego wa Dodoma, kwa sababu hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na mtu anaapa hajatoka jasho. Jipime uzito kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja, rudisha hiyo na nusu yake taratibu mpaka usiku.

Halafu mkataba, ambao vijana husaini wakiwa wamesimama. Kwa kanuni za FIFA hauzidi miaka 5, na kwa aliye chini ya miaka 18 hauzidi 3. Ukibakiza miezi 6 unaruhusiwa kusaini kwingine. Klabu ikikosa kukulipa mishahara ya miezi miwili bila haki, unaiandikia notisi ukiipa angalau siku 15 imalize deni, zikipita una sababu halali ya kuondoka. Nahodha hubebeshwa madai ya kikosi kizima, kwa hiyo aende na karatasi: jina, mwezi, kiasi, na nakala yenye sahihi ya aliyepokea. Ahadi za bonasi zilizotolewa vyumbani kabla ya mechi ziandikwe siku hiyo hiyo, hata kwa ujumbe wa simu kwa meneja wa timu.