Shakwe wa ziwani msimu wa baridi

Wengi wanadhani shakwe ni wa baharini tu, lakini baridi ikikaza huko kaskazini nenda ziwa kubwa la bara jioni, kabla giza halijaingia, utawaona wanashuka makundi kwa makundi kuja kulala majini. Ziwa likiganda nusu ndo raha zaidi, maana bata na shakwe wote wanabanana palipobaki maji. Kuwatambua sasa, hiyo ni kazi kwelikweli, shakwe wakubwa wanachukua kama miaka 4 kupata manyoya ya utu uzima na kila mwaka wanabadilika, kwa hiyo mi naanza na miguu, ya pinki au ya njano? Yule wa kichwa cheusi nae baridi kinakuwa cheupe, linabaki doa tu nyuma ya jicho. Bebeni darubini ya stendi jamani, ya mkono haifiki.