Nyimbo ninazozikataa saluni kwangu

Nimezaliwa Tarime, na popote ninapojitambulisha Tanzania hii naujua utani utakaofuata kabla mtu hajafungua mdomo. "Ahaa, kwenu si ndiko mwanamke asipopigwa anaona hapendwi?" Utani huo umepita kwenye vichekesho, kwenye vipindi vya redio na kwenye nyimbo, hadi watu ambao hawajawahi kukanyaga mkoa wa Mara wanausema kwa uhakika kabisa. Mimi sicheki. Shangazi zangu walipopigwa walilia, wakakandwa maji ya moto, na wengine wakarudi kwa baba zao hadi ng'ombe wa mahari walipoanza kudaiwa. Kwetu pia kuna nyumba ntobhu, ndoa ambayo mama mwenye mali asiye na mtoto wa kiume anamwoa mwanamke mwenzake ili apate warithi. Wapo wanawake wanaoingia kwenye ndoa hiyo kwa sababu wamechoka na kipigo cha wanaume. Kama kwetu kipigo ndiyo mapenzi, hao wanakimbia nini?

Naanza na utani huo kwa sababu nataka kuzungumzia nyimbo zinazofanya kipigo na wivu vionekane ni mapenzi, na naona utani na nyimbo hizo vinafanya kazi moja.

Nina saluni Nyakato, hapa Mwanza. Muziki unawashwa tukifungua mlango na unazimwa tukifunga. Tuna sabufa, tuna flashi zilizojaa, na asubuhi tunaweka redio kwa wale wanaopenda kusikiliza magazeti yakisomwa. Bongo Fleva, singeli, taarabu, rumba ya Kongo, vyote vinapita masikioni mwangu kutwa nzima, na navipenda. Siandiki haya kulaumu vijana na muziki wao.

Wala sisemi kwamba mtu akisikia wimbo anaweka simu chini, anaingia ndani na kumpiga mkewe. Wapigaji wengi walianza kupiga kabla wimbo haujatoka. Ninachokiona kila siku ni kile kinachotupata sisi tuliobaki, yaani majirani, mawifi, marafiki, na aliyepigwa mwenyewe. Wimbo unatupa maneno ya kusema tunapoona uso umevimba, na karibu yote ni maneno ya kumtuliza mtu akae kimya.

Kuna mteja wangu wa siku nyingi alikuja kusuka rasta. Kawaida yake anabana zote nyuma. Siku hiyo akataka ziangukie upande wa kushoto. Nilipoanza kuchana nikaelewa. Nyusi ya kushoto ilikuwa imepasuka na kidonda kimeanza kukauka, na chini ya jicho ngozi ilikuwa ya zambarau inayoelekea njano, mekapu imepakwa juu yake lakini jasho limeshaanza kuitoa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, upande huo usivute sana." Kwenye sabufa kijana alikuwa anaimba kwamba anampenda mpenzi wake hadi wazimu, na kwamba akimkuta na mtu mwingine asilaumiwe kwa atakachofanya. Dada aliyekuwa chini ya draya, ambaye naye alishaona, akasema watu wote wasikie, "Wenzio tunaombea wa hivyo. Mwanaume asiye na wivu, ujue ana mwingine." Saluni nzima ikacheka. Aliyepigwa naye akacheka, halafu akaongeza mwenyewe, "Ananipenda sana yule, tatizo lake hasira tu."

Nilisuka kichwa kile hadi mwisho, mistari midogo midogo, kazi ya saa nyingi, na muda wote huo hakuna aliyemuuliza kama ana mahali pengine pa kulala. Nilimuuliza mimi, nje, wakati wa kulipa. Alichonijibu ni chake, sitakiandika hapa.

Nimerudia kumfikiria yule dada wa kwenye draya. Si mtu mbaya hata kidogo. Mteja wangu akifiwa leo, yeye atakuwa wa kwanza kuchanga na wa kwanza kufika msibani. Lakini mbele ya jicho lililovimba alikuwa na jibu moja tu tayari mdomoni, na jibu lenyewe ndilo lililokuwa linaimbwa dakika ile ile.

Huo wivu ndio unaonitisha kuliko matusi. Tusi kwenye wimbo linasikika, mama anamwambia mtoto apunguze sauti. Wivu unaimbwa kwa sauti tamu, kwa gitaa, na unapigwa kwenye harusi. Jamaa anapekua simu ya mpenzi wake, anamfuata kazini, anamkataza marafiki, anaapa kwamba akiachwa atajiua au atamuua, na sote tunaitikia kiitikio. Halafu siku inafika, gazeti linasomwa redioni: fulani amemuua mkewe, polisi wamesema chanzo ni wivu wa mapenzi. Pale saluni mtu anatikisa kichwa na kusema, "Jamani, alimpenda sana." Namwuliza, alimpenda vipi? Marehemu angekuwa hai angesema hivyo?

Zipo na zile za nauli. Msichana kala nauli, hakwenda, basi akikamatwa atakiona. Wimbo unachekesha, mdundo ni mkali, na watoto wa shule wanauimba barabarani wakitoka darasani. Mtoto wa kiume wa miaka kumi anajifunza kwamba ukimtumia mwanamke hela kuna kitu unamdai mwilini mwake. Na zipo za wanawake wenyewe, nyingine za waimbaji ninaowapenda kweli, ambazo mwanamke anajisifu kwamba hata atendwe vipi haondoki, na wanaomshauri aondoke ni mahasidi wenye wivu na ndoa yake. Hizo ndizo zinazopigwa kwenye kicheni pati, sherehe ya kina mama ya kumfunda bi harusi.

Kazi yangu inanipeleka kwenye kicheni pati nyingi kwa sababu napamba mabibi harusi. Naweka kope, namaliza, natafuta kiti pembeni, na nasikiliza. Kungwi anasimama, anasema mambo ya ndani yasitoke nje. DJ anaingiza wimbo wa uvumilivu hapo hapo, kina mama wanainuka na vigelegele, wanatunza. Binti wa miaka 22 amekaa katikati amefunikwa kanga, na kila mtu mzima anayempenda duniani yumo ukumbini anamchezea wimbo unaomwambia avumilie chochote.

Kwa hiyo takwimu hizi hazikunishangaza nilipozisoma. Katika Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa 2015-16, wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kumwambia, akiwaacha watoto bila uangalizi, au akimnyima unyumba. Asilimia 58 walikubali angalau sababu moja kati ya hizo. Kwa wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Rudia kuzisoma. Sisi ndio tuliokubali zaidi. Na ukikaa ukumbini Jumamosi unaona kwa nini: mwanamume hapewi somo siku nzima, kwa ngoma na keki, jinsi ya kuelewa kofi.

Wakati huohuo Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo watu huitaja kwa mambo mengine mengi, inasema wazi kwenye kifungu cha 66 kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Imekuwepo tangu kabla mimi sijazaliwa. Sijawahi kuisikia kwenye kicheni pati hata moja.

Kuna jaribio moja nililisoma ambalo limenikaa kichwani. Mwaka 2006 watafiti wa saikolojia wa Ujerumani, Fischer na Greitemeyer, waliwasikilizisha watu nyimbo, wengine nyimbo za kawaida na wengine nyimbo zinazowadhalilisha wanawake. Baadaye wakawapa nafasi ya kumwekea mtu mwingine pilipili ya kula. Wanaume waliosikia nyimbo za kudhalilisha walimwekea mwanamke pilipili nyingi kuliko waliyomwekea mwanamume. Ni pilipili tu, najua, na ni chumba cha majaribio. Lakini walisikiliza kwa muda mfupi, na sisi tunasikiliza kuanzia asubuhi hadi tunafunga.

Halafu kuna wanamuziki wenyewe. Julai 2016 Koffi Olomide, mwanamuziki wa rumba wa Kongo, alitua uwanja wa ndege wa Nairobi, na video ikasambaa ikimwonyesha akimpiga teke mmoja wa wanenguaji wake. Kenya ikamfukuza nchini, naye baadaye akaomba radhi. Huku kwetu rumba ni muziki wa nyumbani, kwa hiyo video ile ilizungumzwa sana. Swali la kwanza nililolisikia, na nililisikia kwa wanawake: "Kwani yule dada alimfanya nini?" Wakenya waliopiga kelele hadi hatua ikachukuliwa nawaheshimu hadi leo. Mwaka 2020 alikuja Dar es Salaam kurekodi na Diamond Platnumz, wimbo ukavuma kila kona, na pale saluni nilipomkumbusha mtu habari ya teke akaniambia, "Dada, hayo si yalishapita?" Kwa nani?

Najua watu watasema serikali ifungie. Mwaka 2018 nyimbo zaidi ya kumi ziliondolewa hewani kwa sababu ya maadili, na mjadala wote mitandaoni ulikuwa wa mauno na matusi. Mwanamke akikata kiuno, tunaitisha kikao. Mwanamume akiimba kwamba atamfanya mtu kitu kibaya asipompenda, tunasema huyo ana hisia. Mimi siombi kufungia. Wimbo uliofungiwa unatafutwa zaidi na kurushwa zaidi kwenye simu, nimeliona hilo kwa wasichana wangu wa kazi.

Wengine wananiambia msanii anaimba maisha yalivyo, unataka adanganye? Nawajibu kwa Siti binti Saad. Mama huyu, mwimbaji wa taarabu, alitoka Fumba, Unguja, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na watu wa pwani yote wakanunua. Kati ya nyimbo zake kuna ule wa Kijiti, na habari yake ni ya kweli. Mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam alichukuliwa na Kijiti usiku kwenda kustarehe, akaishia kuuawa vichakani. Kijiti akavuka bahari akatoroka, na wanawake waliokuwa naye marehemu ndio walioadhibiwa. Siti aliimba maisha yalivyo, tena mabaya kuliko ya nyimbo zetu nyingi. Alimtaja muuaji, akaweka wazi alichofanya, akaionyesha mahakama ilivyopinda. Kila aliyekuwa na santuri nyumbani akamjua Kijiti ni nani. Hakumpa hata mstari mmoja wa kusema alikuwa na wivu, au kwamba mgeni yule alijitakia.

Hiyo ilikuwa karibu miaka 100 iliyopita, kwa Kiswahili, na watu walicheza. Kwa hiyo mwanamuziki wa leo akiniambia soko halitaki, simwelewi.

Pale kwangu nimefanya jambo dogo. Nimezitoa nyimbo hizo kwenye flashi. Mteja akiomba mmojawapo namwambia hapa hatuupigi, na akiuliza kwa nini namweleza huku naendelea kusuka. Mmoja aliondoka kwa hasira na hajarudi. Wengine wanabisha, na mabishano hayo nayapenda, maana ndiyo mara ya kwanza nasikia wanawake wakiuliza kwa sauti, mbele ya wenzao, kama kupigwa ni haki. Dada mmoja alisema baada ya ubishi mrefu, "Mimi nilikuwa nauimba tu, sikuwa nausikiliza." Karibu na kioo nimebandika karatasi inayoeleza Dawati la Jinsia na Watoto la polisi liko wapi. Wanaisoma wakijifanya wanaangalia nywele.

Jumamosi hii nina kicheni pati Buhongwa. Nitampamba bi harusi, na mama yake ameniomba niseme maneno machache kama somo. Nitasoma kifungu cha 66 kwa sauti, baada ya keki, kabla watu hawajaanza kuaga. Jana nilimpigia DJ nikamtumia orodha ya nyimbo ambazo sitaki kuzisikia. Akalalamika, "Dada, hizo ndizo zinazoinua watu vitini."

Nikamwambia ana nyimbo za kuinua watu hadi asubuhi bila hizo, anajua mwenyewe.

Akanyamaza kidogo. "Na bi harusi mwenyewe akiomba?"

"Akiomba, niite. Nitaongea naye mimi."