Yuro 27.90 za Kanisa Nisiloingia

Mwezi uliopita niliiweka slipu ya mshahara mezani nikaipitia mstari kwa mstari, kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nifike Leipzig, hapa Ujerumani. Bima ya afya, bima ya uzeeni, sawa. Kodi ya mshahara yuro 310, tumeshazoea. Chini yake: kodi ya kanisa, yuro 27.90. Jamani! Karibu elfu themanini ya kwetu kila mwezi, na kanisani kwenyewe mara ya mwisho kukanyaga ilikuwa Krismasi, tena nilifuata kwaya.

Mnaojiandaa kuja, sikilizeni. Ukifika unakwenda kujiandikisha kama mkazi, na kwenye fomu kuna swali la dini. Mimi mtoto wa KKKT, kanisa la Kilutheri la kwetu Tanzania, nikajaza Mlutheri kwa mbwembwe zote, kumbe ndiyo nimesaini makato. Ni 9% ya kodi yako ya mshahara (majimbo ya Bayern na Baden-Württemberg ni 8%), na inaondoka kabla hujaiona. Wakatoliki nao wamo. Sisemi mdanganye, nasema mjue mnachojaza.

Mtanzania mwenzangu wa zamu ya usiku alinicheka. "Dada, si uende kwa msajili ujitoe kanisani? Wenyewe wanajitoa kila siku." Nikachukua miadi palepale kwa simu.

Kilichoniuma si hela peke yake. Mama yangu kule Machame, Kilimanjaro, akiweka elfu tano kwenye bahasha ya ahadi, mhazini anamjua kwa jina. Akikosa Jumapili mbili, mzee wa kanisa yuko mlangoni anauliza kama ni malaria. Hapa nalipa mara kumi na kitu ya hiyo na hajagonga mtu. Na hawa ndio waliotuletea Ulutheri! Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Leo kanisa la mtaani kwangu, siku nilipochungulia, lilikuwa na wazee kumi na mmoja na mpiga kinanda. Hakuna mnada wa sadaka, hakuna mkungu wa ndizi wala kuku anayepiga kelele nje.

Basi nikaingia zamu ya asubuhi na hasira zangu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kuna bibi mmoja wa miaka 81, kila siku saa kumi na mbili na nusu ninapokwenda kumvalisha soksi za kubana miguu namkuta na kioo chake cha kukuzia, anasoma kile kitabu kidogo cha neno la siku kinachotoka mji wa Herrnhut, jimbo hilihili, tangu 1731. Siku hiyo macho yalimgomea. Akaniomba nimsomee. Nilipomaliza akaniuliza kanisa langu, nikasema Mlutheri, akafurahi kama mtoto. Akanyoosha kidole kama mwalimu: amri ya kwanza? Nikaitaja. "Maana yake ni nini?"

Ndugu zangu, nilikwama. Katekisimo Ndogo, kile kitabu cha Luther cha mafundisho ya imani! Miaka miwili ya kipaimara, Jumamosi kwa Jumamosi, mwinjilisti na fimbo yake mkononi. Bibi akamalizia mwenyewe, taratibu, huku namvuta soksi: imetupasa kumcha Mungu, kumpenda na kumtumaini kuliko vitu vyote.

Baadaye alinisimulia habari zake, kwa sentensi chache tu. Mwaka 1958, enzi ya Ujerumani Mashariki, vijana wa miaka 14 walitakiwa kula kiapo kwenye sherehe ya serikali. Yeye akakataa, akaenda kipaimara. Nafasi ya sekondari ya juu akanyimwa. Alitaka kuwa daktari. Akafua mashuka ya hospitali mpaka anastaafu.

Nilirudi nyumbani kimya. Nikajiuliza, hivi Machame nani alikuwa anaamini, mimi au jumuiya, kile kikundi cha sala cha majirani? Nilikuwa naimba kwa sababu sauti ya pili ilipungukiwa watu. Nilikuwa nasali alfajiri kwa sababu mwenyekiti wa jumuiya alikuwa jirani na angejua. Nimefika mahali ambapo hakuna anayejua, na ndani ya miaka miwili na nusu imani imebaki ibada ya mtandaoni kutoka Moshi, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, mimi napiga pasi. Mama akiuliza, "Mwanangu, unasali?" namjibu "tunamshukuru Mungu," jibu lisilo uongo wala ukweli. Waraka kwa Waebrania una neno kwa watu wa aina yangu: "mmekuwa mnahitaji maziwa wala si chakula kigumu." Nina miaka 33, na chakula changu kigumu cha mwisho nilikila nikiwa darasa la saba.

Kwa hiyo sanduku lako likizidi kilo, toa unga wa ugali. Unga hapa unapatikana. Kitabu cha nyimbo usitoe. Na usingoje kugongewa.

Miadi ya msajili nimeisogeza mbele, sijaifuta. Makato bado yananiudhi, sitawadanganya. Ila sasa zamu za asubuhi nafika dakika kumi kabla ya muda. Bibi anashika kioo bila kukitumia, mimi nasoma Kijerumani, halafu fungu lilelile kwa Kiswahili, kwa sababu anasema anapenda mlio wake. Jana nilikosea neno moja la Kijerumani. Akanigonga kidole: rudia.