Mahali pa Mtume Msafarani

Assalamu alaykum warahmatullah, ndugu zangu.

Wiki hii nimeshindwa kulitoa moyoni neno lililosemwa barazani. Walitajwa vijana wa hapa Lamu wanaotaka kuingia mbio za mchanganyiko, zile za kutembea, baiskeli na kupiga kafi, ramani na dira mkononi, katika timu ambamo asiyeona, mwenye mguu wa bandia na mwenye kiti cha magurudumu wanashindana pamoja na wenye viungo kamili. Mzee mmoja akasema, "Waacheni wapumzike, Mwenyezi Mungu amewasamehe." Akaisoma aya ya Suratul Fat-h: hapana lawama juu ya kipofu, wala kiguru, wala mgonjwa.

Aya ni haki. Lakini imeondoa lawama, haikufunga mlango. Amr bin Jamuh (r.a.) alikuwa kiguru, na siku ya vita vya Uhud wanawe walimzuia asitoke. Akamshitakia Mtume (s.a.w.). Mtume akamwambia kwamba Mwenyezi Mungu amempa udhuru, kisha akawageukia wanawe akawaambia wasimzuie. Ametoka kwa hiari yake, akafa shahidi. Basi asiitumie mtu rehema ya Mola kumfungia mwenzake ndani.

Liko jambo lingine ambalo ndilo hasa nataka tulikalie. Jabir (r.a.) amepokea, na imo katika Sunan ya Abu Daud, kwamba Mtume (s.a.w.) safarini alikuwa akibaki nyuma ya msafara, humsukuma aliye mnyonge, humpakia nyuma yake, na huwaombea. Jabir anasema alijualo: ngamia wake mwenyewe alichoka njiani akaachwa nyuma, na aliyemfikia ni Mtume. Kiongozi wa watu wote, mahali pake mkiani!

Mbio hizi zinakwenda kwa kanuni hiyohiyo, wenyewe wajue wasijue. Timu hupita vituo pamoja, na saa yake husimama anapovuka mstari yule wa mwisho. Mwenye kasi akitangulia dakika kumi, alichopata ni kusubiri juani. Fiji mwaka 2019, katika mbio za Eco-Challenge zilizokuwa na timu 66 na njia ya kilomita 671, alishiriki Mmarekani Mark Macy akiwa tayari na ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu, timu moja na mwanawe Travis. Kabla yao, Erik Weihenmayer, asiyeona, aliyefika kilele cha Everest mwaka 2001, alizimaliza mbio za Primal Quest za 2003 na wenzake. Hao si watu waliobebwa. Timu zao zilipangwa kuanzia nyuma kuja mbele.

Sasa tuangalie kusukuma kunavyofanywa, maana huruma isiyo na ujuzi huumiza.

Anayechoka hupunguziwa mzigo kwanza: maji na chakula vihamie mkoba wa mwenye nguvu. Hapo bado, ndipo kamba. Kamba ya kuvutana ni ya mita mbili au tatu, kipande chake kiwe cha mpira unaonyumbuka ili isimshtue mtu kila hatua. Hufungwa chini ya mkoba wa anayevuta, usawa wa kiuno, kamwe si mabegani. Upande wa anayevutwa iwe na kishikizo anachoweza kukifungua mwenyewe kwa mkono mmoja. Penye ngazi, mteremko au mawe, kamba inafunguliwa. Kosa kubwa ni kungoja mtu aishiwe kabisa ndipo avutwe. Wakati huo amekwisha kupoa, na timu yote inatambaa. Avutwe angali anacheka, kwenye njia tambarare.

Kwa mwenye mguu wa bandia, msukumo wake mara nyingi ni kumwachia dakika tano za kukaa chini. Kigutu hupungua unene kwa saa za kutembea, soketi, yaani kikombe kinachokishika kigutu, ikalegea, mguu ukawa unapanda na kushuka ndani yake, na ngozi ikachunika. Dawa yake ni soksi za kigutu za unene mbalimbali mkobani: akihisi kulegea anaongeza moja papo hapo, haongojei maumivu. Jasho nalo likaushwe kwa kitambaa, kwa sababu ngozi iliyolowa hukatika upesi. Pwani ya Shela ina kilomita kama kumi na mbili za mchanga. Juu kwenye mchanga mkavu mguu wa bandia unazama, basi njia yake ni ukingo mgumu unaoachwa na maji yakipwa. Kwa hiyo timu itazame maji kwanza, saa ya kuondoka ifuate. Wakirudi, viungo vya chuma visuuzwe kwa maji baridi yasiyo chumvi, siku hiyohiyo.

Na kumpakia nyuma? Hiyo ni baiskeli ya watu wawili, mwenye macho mbele, asiyeona nyuma. Aliye nyuma si mzigo, miguu yake ni nusu ya injini. Lakini wa mbele ana wajibu wa ulimi: "nabadili gia", "nafunga breki", "shimo", "acha kukanyaga", na aseme kabla, si wakati. Wanaanza kukanyaga kwa neno moja, pedali zikiwa mahali palepale, la sivyo wanaanguka hata hawajatoka. Kwenye mchanga upepo wa matairi upunguzwe kidogo, na mnyororo usimiminiwe oili nzito, kwani mchanga na oili vikichanganyika husaga meno ya gia kama msasa. Kwa miguu, katika vichochoro vya mjini vyenye mitaro na punda, asiyeona ndiye amshike mwenzake kiwiko. Njia ikiwa nyembamba mno, amfuate nyuma akishika mkanda wa mkoba.

Hapa lazima nikemee, na mnisamehe. Tunao waumini wanaomkamata kipofu mkono mlangoni mwa msikiti na kumburura mpaka safu ya mbele bila salamu. Wapo wanaosukuma kiti cha magurudumu cha mtu asiyeomba, wakamwingiza mtaroni, kisha wakasubiri kushukuriwa. Na wapo wanaomtaka mlemavu kwenye timu ili apigwe picha, ilhali siku ya kupanga njia hakuitwa. Suratu Abasa iliteremka kwa ajili ya kipofu aliyekuja kuuliza akageuziwa uso. Abdallah bin Ummi Maktum huyohuyo alikuwa mwadhini wa Mtume, na aliachiwa Madina aiangalie. Kama Qur'ani imelishughulikia kunjo moja tu la uso, ambalo kipofu mwenyewe hakuliona, sisi tunaomburura tuna jibu gani? Ulizeni! "Nikusaidie? Vipi?" Akisema hapana, ni hapana. Yeye ndiye anayeujua mwili wake, na katika mbio ndiye anayejua lini timu isimame.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa aliyeumia uti wa mgongo. Asipohisi makalio wala miguu, kidonda kinaweza kuingia bila maumivu kumwambia. Ajiinue kitini kila baada ya robo saa au nusu saa, na jioni ngozi ikaguliwe. Jeraha likiwa juu mgongoni, jasho halitoki sawasawa na mwili hupata moto haraka, hivyo amwagiwe maji shingoni na mikononi. Wengi wao hupunguza kunywa maji kwa kuogopa shida ya choo; hilo ni la nahodha wa timu kulipanga mapema, faragha na mahali, ili mtu asijikaushe kwa aibu.

Kwenye kayaki awe na egemeo la mgongo na mto chini, lakini asifungwe kwenye chombo kwa namna yoyote. Miguu isiyohisi ivalishwe viatu, chaza wa mizizi ya mikoko wanakata kama wembe. Asiyeona akae mbele apige kafi kwa mapigo yake, mwenye macho akae nyuma amfuate na kuongoza. Kwa mazoezi ya kwanza mkondoni kati ya Lamu na Manda chagueni siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, maana bamvua, maji makubwa, huvuta. Takwa, kwenye magofu ya kisiwa cha Manda, ni hesabu nyingine: mto wa mikokoni unataka maji yaliyojaa, basi ingieni yakiwa bado yanajaa, msije mkabaki topeni na mwenzenu wa kiti.

Kuombeana sina haja ya kuwafundisha watu wa Lamu.

Wanaoanza wiki hii, msianze na mkondo. Nendeni pwani, maji ya kiunoni, jaketi za kuokolea mwilini, muipindue kayaki makusudi. Kila mmoja atoke, arudi juu, kisha wabadilishane viti. Asiyeona apindue pia, naye atangaze kwa sauti alipo. Rudieni mpaka yule anayechelewa kutoka aseme mwenyewe kwamba sasa inatosha.