Nilivyoandika habari za mapadre wawili wa Juye

Nilipopewa kazi ya kuandika juu ya wamisionari na mataifa ya Ulaya katika siku za mwisho za utawala wa Qing, ukoo wa mwisho wa wafalme wa China, wiki mbili zilipita sijapata hata ukurasa mmoja unaoeleweka. Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa. Babu yangu, kule Songea, alifundishwa kusoma na mapadre wa Kijerumani. Sasa nipo Qingdao, mji uliojengwa na Wajerumani, na nilichotakiwa kukieleza ni jinsi walivyoupata.

Usiku wa tarehe 1 Novemba 1897, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Juye, mkoani Shandong, watu wenye silaha walivamia nyumba ya Padre Georg Stenz. Yeye alikuwa amewaachia wageni wake chumba chake, akaenda kulala kwenye chumba cha mtumishi. Wageni hao, Richard Henle na Franz Xaver Nies, wakauawa, Stenz akapona. Tarehe 14 wanamaji wa Ujerumani wakatua Ghuba ya Jiaozhou, penye Qingdao ya leo. Machi 1898 China ikatia saini kuikodisha kwa miaka 99.

Rasimu yangu ya kwanza ilikwenda hivyohivyo: mapadre wameuawa, Ujerumani imeghadhibika, ghuba imechukuliwa. Mhadhiri akanirudishia na swali moja pembeni: meli zilijuaje pa kwenda?

Nikanunua karatasi ya manila, nikaibandika ukutani juu ya kitanda, nikachora safu tatu: kanisa, serikali, kijiji. Kila tarehe niliyoipata niliiandika kwenye safu yake. Safu ya serikali ilinishtua. Tirpitz, aliyeongoza kikosi cha meli za Ujerumani Asia Mashariki, alikuwa ameshaipendekeza Jiaozhou. Mapema 1897 mhandisi wa bandari Georg Franzius alikuja kuikagua. Agosti, Kaiser Wilhelm II akamgusia Nicholas II wa Urusi jambo hilohilo. Novemba ilikuwa bado. Ndiyo maana habari za msiba zilipofika Berlin, kufikia tarehe 6 amri ya kung'oa nanga ilikuwa imeshatoka. Warusi nao wakachukua Port Arthur, Waingereza Weihaiwei, Wafaransa Guangzhouwan, sehemu nyingine za pwani ya China, yote ndani ya 1898.

Safu ya kanisa iliniuma. Mapadre wa Kijerumani huku walikuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa mpaka askofu wao, Anzer, alipokubali ulinzi wa Ujerumani, mwaka 1890. Bila uamuzi ule, Berlin isingekuwa na njia rahisi ya kudai damu ya Henle na Nies.

Lakini safu iliyonikalisha macho usiku ni ya kijiji. Ilikuwa tupu, nami nilikuwa tayari kuiacha tupu, mpaka nilipokutana na Liyuantun, katika wilaya ya Guan, Shandong hiyohiyo. Mwaka 1869 wanakijiji waligawana ardhi ya hekalu lao, na fungu la Wakristo likaangukia penye hekalu lenyewe, la Mfalme wa Jade, mungu wa jadi wa Wachina. Wakristo wakataka kujenga kanisa hapo, wenzao wakakataa. Kesi ikapanda na kushuka karibu miaka 30. Padre aliposhindwa kwa hakimu wa wilaya, shauri lilipelekwa kwa ubalozi, na ubalozi ukaibana serikali. Jirani asiye na balozi angekwenda wapi? Mwaka 1898, katika wilaya hiyo ya Guan, watu waliinuka na bendera za kuwafukuza wageni, na kufikia 1900 moto wa Yihetuan, waasi wanaojulikana pia kama Mabondia, ulikuwa umefika Beijing.

Nikaanza upya kuandika, safari hii kutoka hekaluni. Juye ikaja katikati, meli mwishoni. Siku nne zikanitosha.

Mama alipopiga simu nikamsimulia. Akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, umewasema vibaya mapadre?"

"Hapana, mama. Wale wawili nimewaandika kwa majina yao, na jinsi walivyokufa wakiwa wageni kwenye nyumba ya mwenzao. Halafu nimeandika na habari za hekalu."

"Hekalu la nani?"

Nikavuta kiti, nikaanza kumweleza Liyuantun tangu 1869.